The O'Jays na "Back Stabbers" (1972): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiitaja hii albamu popote penye wapenzi wa soul za zamani, ule muziki wa Wamarekani weusi, maswali huwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mambo ndani yake, mengine mistari miwili inatosha. Msimamo wangu nauweka wazi toka mwanzo: hii albamu isikilizwe nzima, wimbo wa kwanza mpaka wa kumi, kwa mpangilio ule ule walioupanga wenyewe, maana ukichomoa zile hit mbili ukaziacha nyingine nane hujaisikia bado.

Kwa kifupi, tunaongelea albamu gani?

"Back Stabbers" ya The O'Jays, ilitoka mwaka 1972 chini ya lebo ya Philadelphia International Records. Ina nyimbo kumi, tano upande wa kwanza wa santuri na tano upande wa pili. Ilirekodiwa Sigma Sound Studios, Philadelphia, prodyuza ni Kenneth Gamble na Leon Huff. Kwenye chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ilifika namba 10, na ndani yake zilitoka hit mbili ambazo mpaka leo redio hazijazichoka, "Back Stabbers" yenyewe na "Love Train".

Hao O'Jays ni kina nani, na hilo jina walilitoa wapi?

Ni vijana wa Canton, mji wa viwanda jimbo la Ohio. Walianza mwaka 1958 wakiwa bado wanafunzi wa sekondari ya McKinley, wakiwa watano: Eddie Levert, Walter Williams, William Powell, Bobby Massey na Bill Isles. Mwanzo walijiita The Triumphs, baadaye The Mascots, halafu akatokea mtangazaji mmoja wa redio wa Cleveland aitwaye Eddie O'Jay aliyewashika mkono, akawapigia nyimbo zao na kuwashauri mambo ya kazi, wakaamua kubeba jina lake. Kwa hiyo usitafute mtu anaitwa O'Jay ndani ya kundi, hayupo.

Bill Isles alitoka katikati ya miaka ya 60, Bobby Massey naye akatoka kabla ya albamu hii, ndiyo maana humu wanaimba watatu tu, Levert, Williams na Powell. Kuna watu wanadhani kundi la watatu lina sauti nyembamba, we sikiliza humu ndani uone watatu hao wanavyojaza chumba.

Mbona walikaa miaka yote hiyo bila kutoka?

Hapa ndipo watu wengi hawajui, na mimi naona ndiyo sehemu inayoipa albamu uzito. Toka 1958 mpaka 1972 ni miaka 14. Siyo kwamba walikaa kimya, walirekodi King Records, wakarekodi Imperial ambako "Lonely Drifter" ya 1963 ilisikika sikika kidogo, wakahama lebo moja kwenda nyingine, wakawa wanajulikana kwenye kumbi za watu weusi lakini Marekani kwa ujumla haiwajui.

Mwaka 1969 wakaingia Neptune, lebo ndogo ya Gamble na Huff ambayo usambazaji wake ulikuwa unafanywa na Chess ya Chicago. Pale wakatoa "One Night Affair" na nyingine kadhaa, ukizisikia leo unaona kabisa kitu kilikuwa kinapikwa. Sasa Oktoba 1969 Leonard Chess akafariki, kampuni yake ilikuwa imeshauzwa mwaka huo huo, mambo yakavurugika na Neptune ikafa. Vijana wamebaki hawana lebo, mmoja wao anaondoka, umri unaenda, yaani hapo kundi lingeweza kuvunjika kabisa na dunia isingejua kwamba imepoteza nini.

Gamble na Huff walipopata dili la usambazaji na CBS, kampuni kubwa ya muziki, mwaka 1971, wakaanzisha Philadelphia International, wakawaita tena. Kwa hiyo unaposikia Eddie Levert anaimba kuhusu marafiki wanaokuchekea huku wanakuchimba, ujue anayeimba ni mtu mzima mwenye miaka kama 30, ameshakula chumvi ya biashara ya muziki na hasomi karatasi tu.

Gamble na Huff ni nani? Kila mtu anawataja

Kenneth Gamble na Leon Huff ni waandishi na maprodyuza wa Philadelphia. Huff ni mpiga piano, Gamble ndiye mtu wa maneno zaidi. Kabla ya hapa walishatengeneza "Expressway to Your Heart" ya Soul Survivors (1967) na "Only the Strong Survive" ya Jerry Butler (1969), kwa hiyo hawakuwa wageni. Lakini lebo yao wenyewe yenye usambazaji wa kampuni kubwa ndiyo iliwapa nafasi ya kufanya wanachotaka.

Angalia tu mwaka wao wa kwanza wa kweli. Kiangazi cha 1972 "Back Stabbers" iko hewani, vuli inaingia "If You Don't Know Me by Now" ya Harold Melvin & the Blue Notes, Desemba "Me and Mrs. Jones" ya Billy Paul inakamata namba 1 Marekani, na Machi 1973 "Love Train" nayo inakamata namba 1. Hizo zote zimetoka kwenye ofisi moja, studio moja na wapigaji wale wale!

Gamble alikuwa na jambo lake, alitaka muziki ubebe ujumbe. Siyo mahubiri, ila mtu akicheza abaki na kitu kichwani. O'Jays ndio walikuwa chombo chake kizuri kuliko wote kwa kazi hiyo, kwa sababu sauti ya Levert ukiipa maneno mepesi inakuwa kama umempa mbeba mizigo bahasha.

Wimbo "Back Stabbers" unahusu nini hasa?

Kikulacho ki nguoni mwako. Jamaa ana mke au mpenzi, na ana marafiki. Hao marafiki wanakuja nyumbani kila mara, wanacheka naye, wanamgonga bega, na yeye anaanza kujiuliza mbona ziara zimekuwa nyingi hivi, wanamfuata yeye au wanamfuata mwanamke? Anaona tabasamu usoni lakini anajua nyuma ya tabasamu kuna visu virefu vimekamatwa vizuri, vinausubiri mgongo wake.

Walioandika ni Leon Huff pamoja na vijana wawili waliokuwa ndio kwanza wanaanza uandishi, Gene McFadden na John Whitehead. Hao wawili baadaye wakaja kujulikana wenyewe kwa "Ain't No Stoppin' Us Now" ya 1979. Kwa watu waliokuwa wanaanza, kuandika kitu kama hiki ni balaa.

Kinachonigusa mimi kwenye wimbo ni kwamba hakuna aliyekamatwa. Hakuna fumanizi, hakuna ushahidi wowote. Ni hofu tupu ya mtu ambaye ameanza kuhesabu nyuso za rafiki zake, na hofu ya namna hiyo kila mtu mzima anaijua, iwe ni mapenzi, kazini, kwenye biashara ya ubia au hata ndani ya ukoo. Ndiyo maana watu walioukuta wimbo miaka 50 baadaye na kingereza chao cha kuokoteza bado wanautikisia kichwa, wameshazungukwa na mtu waliyekula naye sahani moja.

Mwishoni kabisa waimbaji wanadokeza "Smiling Faces Sometimes", wimbo wa Motown, lebo ya Detroit, ambao The Undisputed Truth walivuma nao mwaka 1971 kwenye mada hiyo hiyo. Ni salamu kutoka Philadelphia kwenda Detroit, wasikilizaji wa wakati ule waliikamata papo hapo.

Ile intro mbona inatisha? Wameifanyaje?

Hii swali naipenda sana. Vaa earphone, zima mambo mengine, anza wimbo upya.

Inaanza piano ya Huff, upande wa chini, vidole vinatetemesha noti kwa haraka mpaka inakuwa mngurumo, kama radi iko mbali hivi. Hapo bado hujui ni wimbo wa aina gani. Halafu dramu na konga vinaingia kwa mwendo wenye ladha ya Kilatini, gitaa linachoma vipande vifupi vifupi, tarumbeta zinajibu, na juu ya hayo yote vayolini zinapita zikiwa na huzuni. Inapita zaidi ya nusu dakika hujasikia mtu anaimba wimbo wenyewe, na kwa singo ya redio ya wakati ule yenye dakika tatu tu huo ni muda mwingi mno kuutoa kwa vyombo. Ila wakiingia wale watatu kwa pamoja unakuwa umeshaiva, umeshaogopa, tayari unatazama nyuma.

Mpangilio wa vyombo ulifanywa na Thom Bell, yule yule wa makundi ya The Stylistics na The Spinners. Bell kwa kawaida ni mtu wa mambo laini, pembe za kifaransa, vayolini tamu, mapenzi ya kunong'ona. Hapa amechukua utamu ule ule akauwekea sumu, vayolini zinabaki nzuri lakini hazikubembelezi hata kidogo. Kama unataka kujua mpangaji muziki anafanya kazi gani studio, jibu liko kwenye hizo sekunde za mwanzo.

Nawachanganya waimbaji, nani ni nani?

Eddie Levert ni ile sauti nzito yenye mikwaruzo, inayopiga kelele za kanisani, inayoachia "aah" katikati ya mstari. Walter Williams ni laini zaidi, ametulia, mara nyingi anakuja kupoza pale Levert alipochoma. William Powell unamsikia zaidi kwenye maitikio, na ukimtoa yeye ile kuta ya sauti inabomoka.

Levert na Williams wanafahamiana toka utotoni, waliimba pamoja nyimbo za injili kabla ya yote haya, na unaisikia. Hawasubiriani. Mmoja akikata pumzi mwingine ameshaingia, hakuna ule ustaarabu wa zamu yako zamu yangu. Waimba kwaya mtanielewa, hiyo hairekodiwi kwa kufundishana wiki moja, ni watu wamekua pamoja.

Vyombo walipiga kina nani?

Kundi la studio la Sigma ambalo baadaye lilipewa jina MFSB. Earl Young kwenye dramu, Ronnie Baker besi, Norman Harris, Bobby Eli na Roland Chambers magitaa, Vince Montana vibrafoni, Larry Washington konga, Huff mwenyewe piano, Lenny Pakula kinanda cha ogani. Vayolini na tarumbeta zilikuwa chini ya Don Renaldo. Wapangaji wengine wa muziki ukimtoa Bell ni pamoja na Bobby Martin, ambaye alikuwa mkongwe wa pale.

Studio yenyewe iliwekwa na Joe Tarsia mwaka 1968, mhandisi wa sauti aliyetokea Cameo-Parkway. Jina lake halitajwi sana na mimi naona siyo haki kabisa, maana kuingiza dramu, konga, magitaa matatu, tarumbeta, vayolini na waimbaji watatu wanaopiga kelele, halafu kila kitu kisikike mahali pake bila kugombana, hiyo ni kazi ya mtu siyo mashine. David Bowie alivuka bahari mwaka 1974 akaenda kurekodi "Young Americans" pale pale akiifuata hiyo sauti.

Na "Love Train"?

Wimbo wa kumi, wa mwisho. Kwenye chati ya nyimbo ya Billboard, ile Hot 100, ulifika namba 1 Machi 1973, na ndiyo namba 1 pekee ya O'Jays kwenye chati hiyo. "Back Stabbers" iliishia namba 3 pale ingawa kwenye chati ya R&B ilikaa namba 1. Uingereza nako "Love Train" iliingia kumi bora.

Wanaanza na kiitikio moja kwa moja, hakuna kuzunguka, watu wote duniani shikaneni mikono mpande treni. Halafu treni inataja vituo: Uingereza, Urusi, China, ndugu wa Afrika, Misri na Israel. Mtu wa leo anaweza kuona ni orodha tu ya kupendezesha, ila jiweke mwaka 1972. Vita ya Vietnam inaendelea. Februari Nixon ameenda Peking, Mei ameenda Moscow. Misri na Israel zimeshapigana 1967 na zitapigana tena Oktoba 1973, miezi michache tu baada ya wimbo kushika namba 1. Yaani vituo vya treni vilikuwa ndiyo vichwa vya habari vya magazeti ya wiki ile, na wakawataja wote bila kuchagua upande.

Kuna wanaosema wimbo ni mwepesi mno, eti watu wazima hawawezi kuamini maneno kama hayo. Mimi nawajibu hivi: msiusikilize peke yake. Usikilize baada ya nyimbo tisa za kusalitiwa, wivu, ugomvi na upweke. Anayekuita upande treni hapa ni yule yule aliyekuwa anahesabu visu nyuma ya mgongo wake kwenye wimbo wa pili, anaijua dunia ilivyo na bado ananyoosha mkono. Ukiufikia kwa njia hiyo hauwi mwepesi hata kidogo, mimi unanipiga kifuani kila mara.

Hizo nyimbo nyingine nane ni za kujazia?

Hapana jamani. Miaka ile albamu nyingi za soul zilikuwa hivyo kweli, hit mbili halafu vitu vya kukamilisha santuri, hii siyo moja ya hizo.

Inafunguka na "When the World's at Peace", funk ndefu, gitaa limechafuka, wanauliza itakuwaje dunia ikitulia. Angalia ujanja wa mpangilio: wimbo wa kwanza unaomba amani ya dunia nzima, wimbo wa pili mtu hana amani hata sebuleni kwake. Hakuna aliyekwambia chochote, wameziweka tu zifuatane. Na amani ile ile inarudi kwenye wimbo wa mwisho ikiwa imeshapita kwenye moto.

"Who Am I" na "(They Call Me) Mr. Lucky" zinashusha mwendo, hapo Levert na Williams wanaimba kama wamekaa kitako, halafu "Time to Get Down" inakuinua tena kufunga upande wa kwanza.

Upande wa pili unafunguliwa na "992 Arguments", na hii kwangu ndiyo siri ya albamu nzima. Mada ni wapenzi wanaogombana bila kuisha. Wanaimba, wanalalamika, halafu katikati waimbaji wanaondoka wanawaachia wapigaji, na wale wapigaji hawarudi nyuma, Baker na Young wanakaza, tarumbeta zinaruka, inakwenda na kwenda. Ukitaka kumwonesha mtu MFSB ni kitu gani kabla hata hawajawa na jina mpigie hii.

"Listen to the Clock on the Wall" ni ya taratibu yenye maitikio mazuri sana. "Shiftless, Shady, Jealous Kind of People" inarudi kwa wanafiki, ni kama ndugu wa wimbo wa pili ila huyu sasa hana hofu tena, ameshawajua, anawaanika hadharani. "Sunshine" ni mapenzi matupu, jua linatoka baada ya mvua yote hiyo, na kwa kutokea hapo mlango wa treni unakuwa wazi.

Tofauti yake na Motown ni nini?

Motown ya miaka ya 60 ni fupi, inapiga tari, inaingia kiitikio haraka, imetengenezwa kwa ajili ya redio ya gari. Philadelphia ina vayolini nyingi zaidi, ina nafasi, ina dramu inayotembea vizuri na besi inayoimba, na inavumilia kukuacha unasubiri. Siwezi kusema moja ni bora, wanaobishana hivyo wanajinyima wenyewe. Mwaka 1972 ndio mwaka Motown inahamisha makao yake kutoka Detroit kwenda Los Angeles, na Philadelphia ikasimama pale pale kwenye pengo, ikawa ndiyo mji unaotazamwa.

Hii ni disco?

Bado, lakini iko mlangoni. Earl Young ndiye mtu anayetajwa zaidi kwa kuleta ile dramu ya disco, teke la dramu kubwa kila hatua na sahani za juu zinachana chana katikati, na mfano unaotolewa siku zote ni "The Love I Lost" ya Harold Melvin & the Blue Notes ya 1973. Ukisikiliza "Love Train" na "992 Arguments" unamsikia anaikaribia.

Huu muziki ulifika huku kwetu?

Soul ilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani, na ilifika na ugomvi wake. Dar es Salaam vijana walikuwa wanaicheza sana kwenye madansi mwishoni mwa miaka ya 60, mpaka Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulikuwa na Dar ndani yake, ukaipiga marufuku. Hiyo ni kama mwaka mmoja baada ya Operesheni Vijana ya TANU Youth League iliyokuwa inapambana na sketi fupi na suruali za kubana, kwa hoja zile zile za kulinda utamaduni wa taifa. Magazetini watu wakabishana kweli, wengine wakisema ni kasumba, wengine wakisema huu ni muziki wa ndugu zetu weusi wanaodai haki zao kule Marekani, iweje tuukatae sisi.

Kingine, Septemba 1974 kule Kinshasa lilifanyika tamasha la Zaire 74, lililopangwa kwenda sambamba na pambano la ngumi la Ali na Foreman. O'Jays hawakuwepo, ila The Spinners walikuwepo, kundi ambalo Thom Bell alikuwa analitengenezea muziki pale pale Sigma, na Sister Sledge, mabinti wa Philadelphia, nao walikuwepo. Kwa hiyo sauti ya mji ule ilisimama jukwaani Afrika ya Kati ikiwa bado ya moto.

Kuna wimbo wa Angie Stone unafanana na huu, nani kamuibia nani?

Hakuna wizi. "Wish I Didn't Miss You" ya Angie Stone kutoka albamu ya 2001 imesampo "Back Stabbers" waziwazi, yaani imechukua kipande cha rekodi yenyewe. Na wamechagua vizuri, kwa sababu ile huzuni ya vyombo ilikuwa inasubiri mwanamke naye aje aseme ya kwake. Wengi wa rika langu tuliingilia mlango huo ndiyo tukarudi nyuma kwa O'Jays.

Ilikuwaje baadaye?

Mwaka 1973 wakatoa "Ship Ahoy", ambayo wimbo wake wa jina unahusu Waafrika waliosafirishwa utumwani kwa meli, karibu dakika kumi, mawimbi na mijeledi inasikika. Humo ndimo ilimo "For the Love of Money" na ile besi ya Anthony Jackson ambayo kila mpiga besi ameshajaribu kuinyakua.

William Powell akaugua saratani, akafariki 1977. Nafasi yake jukwaani ilikuwa imeshachukuliwa na Sammy Strain aliyetokea Little Anthony & the Imperials. Mwaka 2005 O'Jays wakaingizwa Rock and Roll Hall of Fame. Eddie Levert alizaa waimbaji, Gerald na Sean, waliokuwa na kundi la LeVert lililovuma na "Casanova" mwaka 1987, na amewazika wote wawili, Gerald 2006 na Sean 2008. Pamoja na hayo mzee akaendelea kupanda jukwaani na Walter Williams, na 2019 wakatoa albamu waliyoiita "The Last Word".

McFadden, Whitehead, Norman Harris, Ronnie Baker, Vince Montana, Bobby Martin, Bobby Eli wote wametangulia. Tarsia na Thom Bell wamefariki mwaka mmoja, 2022. Jengo la ofisi za lebo lililokuwa mtaa wa South Broad lilichomwa moto 2010 na likaja kubomolewa 2015. Inaniuma kwamba mji uliacha litoweke.

Nianzie wapi kama sijawahi kuisikia kabisa?

Anza na wimbo wa kwanza. Usiruke. Ukipata santuri halisi sawa, ukiipata kwenye simu pia sawa, ila zima ile shuffle, maana programu nyingi zikiachwa zinakuchanganyia mpangilio na hii albamu bila mpangilio wake inapungua nusu. Jipe kama dakika arobaini hivi. Mara ya kwanza fuata sauti za waimbaji tu. Mara ya pili fuata besi ya Ronnie Baker mwanzo mwisho, usisikilize kingine. Mara ya tatu fuata vayolini.

Nikiimaliza nisikilize nini?

"Ship Ahoy" kwanza, halafu "Family Reunion" ya 1975. Ukitaka kutoka nje ya O'Jays lakini ubaki Philadelphia, chukua albamu ya kwanza ya Harold Melvin & the Blue Notes ya 1972, Teddy Pendergrass anaimba mle, na ile ya The Spinners ya 1973 iliyotengenezwa na Thom Bell. Kwa mtu anayependa zaidi vyombo kuliko waimbaji, MFSB wenyewe walitoa "Love Is the Message" mwaka 1973, humo kuna "TSOP" (The Sound of Philadelphia) iliyokuwa muziki wa kipindi cha televisheni cha Soul Train.